Dakika Sabini na Tano za Mwalimu Ngatia

Katika eneo zima la Wamagana, huko Tetu, hapakuwa na mtu mzima aliyejulikana kuingia majini kwa hiari yake, mpaka Mwalimu Ngatia alipofikisha umri wa miaka arobaini na nne. Kwa watu wa Tetu, maji ni kitu cha kuchota, kuchemsha, kunyweshea ndama na kubatizia. Kuyaingia mwili mzima, ukiwa umevaa kaptura ya kubana na miwani inayokufanya ufanane na nzi, ukahangaika humo saa nzima na hatimaye ukatokea pale pale ulipoingilia, ni jambo lililohitaji maelezo.

Bahati nzuri, maelezo ndiyo kitu ambacho Ngatia hakuwahi kupungukiwa. Alikuwa na shahada ya ualimu, alikuwa amefundisha jiografia katika shule moja ya upili kwa zaidi ya miaka ishirini, na alikuwa na mazoea ya kutazama kila jambo pande zote mbili hadi chai ikapoa. Alieleza kwamba daktari mmoja wa Nyeri mjini alikuwa amemwonya kuhusu goti lake la kulia, lililochoshwa na mbio za alfajiri katika vilima vya Tetu. Akaeleza kwamba kuogelea hakugongi goti. Asichokieleza, kwa kuwa hata yeye hakuwa na hakika nacho, ni kwamba majini alipata raha ambayo hakuwa ameipata kwingine. Chini ya maji hakuna anayekuuliza maoni yako, na wewe mwenyewe huwezi kujihoji sana, maana pumzi haitoshi.

Alijifunza katika bwawa la hoteli moja mjini, lenye urefu wa mita kumi na saba na maji ambayo ungedhani yameteremka kutoka kwenye theluji ya mlima asubuhi hiyo hiyo. Miaka mitano baadaye akajiandikisha katika mashindano yanayofanyika kila Novemba kwenye lambo la shamba kubwa la ngano, nje kidogo ya Nanyuki. Umbali ni kilomita tatu, na muda ni dakika sabini na tano. Dakika hizo zikitimia, filimbi hupulizwa, na yeyote aliyebaki majini huchukuliwa kwa mashua.

Ngatia alichukuliwa kwa mashua. Alikuwa amebakisha mita mia mbili.

Kuchukuliwa kwenyewe si aibu. Wengine watatu walichukuliwa siku hiyo, mmoja wao akiwa wakili. Tatizo ni kwamba Magdaline, kiongozi wa kwaya ya kanisa lao, alikuwa amekwenda kumshangilia, na alikuwa na simu yenye kamera nzuri. Video ilikuwa ya sekunde kumi na nane tu. Ilimwonyesha mwalimu akishikwa mikono na waokoaji wawili, akivutwa hadi tumboni, akikwama kwenye ukingo wa mashua, kisha miguu yake ikiendelea kupiga hewa kwa bidii kana kwamba bado anaogelea. Kikundi cha wasapu cha kwaya kiliiona Jumamosi jioni. Kufikia Jumapili, kabla ya wimbo wa kwanza, kanisa lote lilikuwa limeiona. Jumatatu ikawafikia wanafunzi wake. Kufikia mwisho wa juma, Ngatia alikuwa na jina jipya: Mzigo.

Halikutolewa kwa ubaya. Muuza maziwa alimwita hivyo kwa heshima zote: "Mzigo, umeamkaje?" Darasani, kila alipogeukia ubao kuchora mto na vijito vyake, katika viti vya nyuma uliinuka mngurumo wa chini wa injini ya mashua, tu-tu-tu-tu, ambao ulikoma alipogeuka. Hata mchungaji, alipokuwa akiwaombea wasafiri wa barabarani na wa angani, alisita kidogo, akaongeza, "na wa majini," na waumini wakaitikia amina kwa nguvu kuliko kawaida.

Ngatia alilipokea jina kwa tabasamu. Moyoni, hata hivyo, lilimkaa vibaya, kwa sababu lilifanana mno na jambo ambalo alikuwa akijishuku nalo tangu ujana: kwamba yeye ni mtu wa kubebwa. Kazi aliipata kwa kuwa nafasi ilitokea siku alipokuwa amekaa ofisini akingoja kitu kingine. Mke alimpata kwa kuwa mke ndiye aliyeamua. Shahada ya uzamili aliianza, akaisomea mwaka mmoja na nusu, kisha msimamizi wake akahamia chuo kingine na Ngatia akachukulia kwamba shahada nayo imehama. Basi akaazimia jambo moja tu, na akaliandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari jipya: Novemba ijayo atatoka lamboni kwa miguu yake mwenyewe, kabla ya filimbi.

Waithira, mkewe, alilisoma daftari hilo alipokuwa akitafuta kalamu.

"Baba Nduta," alisema, "hapa umeandika 'kwa miguu yangu mwenyewe' na ukapiga mstari chini. Kwani mwaka jana ilikuwa miguu ya nani?"

"Unajua nilichomaanisha."

"Najua. Niliona hiyo miguu. Ilikuwa inafanya kazi mzuri sana, ni vile tu ilikuwa juu."

Waithira alikuwa na duka la mchele mjini Nyeri, na kila Jumamosi alishuka Mwea na pikapu yao kununua mchele wa pishori huko Wang'uru. Ni yeye aliyegundua dawa ya tatizo kubwa la mumewe, yaani ukosefu wa maji marefu. Katika bwawa la hoteli, kilomita tatu ni kugeuka mara mia moja sabini na sita, na Ngatia alikuwa akipoteza hesabu kila alipofika sitini, kisha anajishuku, anarudi hamsini, na jioni hajui kama ameogelea kilomita tatu au nne. Lakini huko Mwea, nje ya Wang'uru, kulikuwa na mfereji mpana wa kupeleka maji mashambani, ulionyooka kama rula. Kandokando yake palikuwa na nguzo za zege zenye namba, moja kila mita mia. Kutoka daraja la juu hadi daraja la chini zilikuwa nguzo thelathini.

Walianza Agosti, shule zilipofungwa. Mlinzi wa lango la maji alikuwa mama mmoja kutoka Embu aitwaye Mbeti, mwembamba, mwenye kofia ya sufu hata jua linapochoma. Kazi yake ilikuwa kuzungusha gurudumu la chuma na kufungulia kila sehemu ya mashamba maji kwa zamu. Alimsikiliza Ngatia mpaka mwisho, na huo haukuwa muda mfupi.

"Mwalimu, mimi sikukatazi," alisema. "Lakini ukizama, ripoti ni mimi nitaandika, na mimi sipendi kuandika."

"Sitazama."

"Na dawa ya kichocho umekunywa?"

"Nimempa mwenyewe," Waithira alijibu. "Nikasimama hapo mpaka akameza."

Utaratibu wao ukawa huu. Waliacha pikapu daraja la chini, penye kibanda cha chai, wakapanda bodaboda hadi daraja la juu. Ngatia aliingia majini, naye Waithira akamfuata kwa miguu ukingoni, amevaa gambuti zake za mpira za manjano, huku akisuka kiondo kama walivyofanya mama yake na nyanya yake njiani kwenda sokoni. Mwendo wa mwogeleaji, aligundua, ni mzuri sana kwa kusuka, hauharakishi mkono. Ilipofika nguzo ya thelathini, mwalimu alikuwa amemaliza kilomita tatu na kiondo kimeongezeka mizunguko saba. Kwa nini hawakuwahi kufikiria kwenda na kurudi? Kwa sababu chai ilikuwa daraja la chini. Mtu humalizia kazi penye chai.

Jumamosi zote nne za Agosti, saa ilisema kitu kimoja, kwa huzuni ile ile: dakika themanini na nne, themanini na tano, themanini na tatu, themanini na nne. Ngatia aliandika. Kando ya namba aliandika pia sababu zinazowezekana, naye alipata nyingi.

Jumamosi ya kwanza ya Septemba aliogelea kwa dakika sabini na moja.

Aliitazama saa. Akaitikisa. Akamwomba Waithira aitazame.

"Leo umeninyima mzunguko mzima," mkewe alisema, akikiinua kiondo. "Sita tu."

Juma lililofuata ilikuwa sabini. Lililofuata tena, sitini na tisa. Ngatia alitafuta sababu kama msomi: ni kitu gani kimebadilika? Kilichobadilika ni kimoja. Tangu mwisho wa Agosti alikuwa ameacha mkate, na asubuhi alikula nduma, yaani magimbi, zilizochemshwa, vipande vinne, na chai bila sukari. Akaandika kwenye daftari: NDUMA. Akapiga mistari miwili.

Hapo ndipo mtu yule wa pande zote mbili alipobakiwa na upande mmoja. Alibadilika hata mwendo. Alivuka uwanja wa shule kifua kikiwa mbele, kana kwamba hewa nayo ni ya kuvutwa kwa mikono. Chumba cha walimu kilisikia habari za nduma hadi wenzake wawili wakaanza kuzila, mmoja akitafuta kupunguza uzito na mwingine kwa kuogopa tu kubaki nyuma. Mngurumo wa injini ulipoinuka nyuma ya darasa, Ngatia aligeuka taratibu, akatabasamu, akasema, "Mafuta yatawaishia Novemba." Na Jumapili moja, wakati wa matangazo, alisimama mwenyewe kanisani. Aliikaribisha kwaya yote Nanyuki. Akamgeukia Magdaline akamwambia achaji simu vizuri.

"Umeapa mbele ya madhabahu," Waithira alimwambia nje.

"Sikuapa. Nimetangaza."

"Wee, pale mbele hakuna tofauti."

Jumamosi ya kwanza ya Oktoba alitoka majini kwa dakika sitini na tisa tena, akavaa, akaketi kibandani. Mbeti alikuwapo siku hiyo, akinywa chai baada ya kumaliza zamu yake ya asubuhi. Ngatia, kwa ukarimu wa mtu aliyefanikiwa, alimweleza habari za nduma tangu mwanzo. Mbeti alisikiliza. Alikuwa mtu asiyemkatiza mwenzake.

"Nduma ni nzuri," alisema hatimaye. "Hata mimi hula. Lakini Mwalimu, si unajua Jumamosi siku hizi ni zamu ya watu wa chini?"

"Zamu ya nini?"

"Ya maji. Mwezi wa nane Jumamosi nilikuwa nafunga hapa, maji inakaa tu. Kuanzia mwezi wa tisa walibadilisha zamu. Sasa Jumamosi saa moja asubuhi nafungulia watu wa chini. Ukiingia, maji inaenda. Wewe pia unaenda."

Mwenye kibanda aliacha kukoroga.

"Yanakwenda?" Ngatia aliuliza. "Mbona hayaonekani kwenda?"

"Ni ya matope, hayaonyeshi. Kuja uone."

Walisimama ukingoni wote watatu, Waithira akiwamo. Mbeti aliokota bua kavu la mpunga, akalitupa katikati ya mfereji. Lilielea kwanza kana kwamba linafikiri. Kisha, bila haraka yoyote, likaanza kuondoka. Ngatia aliliangalia huku saa ikiwa mkononi. Dakika moja ilipokwisha, bua lilikuwa limetembea mita nane kwenda daraja la chini, peke yake, bila nduma.

Mita nane kwa dakika. Ngatia hakuhitaji karatasi. Dakika sitini na tisa mara nane ni zaidi ya nusu kilomita ambayo hakuiogelea. Alikuwa amebebwa, na safari hii hata mashua haikuhitajika.

"Kwa nini hukuniambia?" alimwuliza Mbeti, bila ukali.

Mbeti alishangaa kweli. "Nilifikiri unajua, Mwalimu. Mama Nduta aliniambia ni wewe hufundisha watoto mambo ya mito."

Njiani kurudi, Waithira aliendesha gari kwa utulivu mkubwa mpaka walipokaribia Karatina. Hapo alitoa ishara, akaegesha kando ya barabara, akazima injini, akaweka paji la uso juu ya usukani, akacheka mpaka mabega yakauma. Ngatia alitazama mashamba ya viazi upande wa pili. Mkewe alipomaliza alijipangusa machozi kwa ncha ya kitambaa chake.

"Pole," alisema. "Ilikuwa inanikaa kooni tangu Sagana."

"Nitawaambia kwaya wasije."

"Kwaya wamekodisha basi, Baba Nduta. Na kina mama wameanza kubishana nani atapika pilau."

"Basi nitakwenda kubebwa mbele ya basi zima."

Waithira aliwasha gari.

"Umebakisha Jumamosi saba," alisema. "Mimi nitazitumia kusuka. Wewe utazitumia kufanya nini?"

Jumamosi iliyofuata Mbeti ndiye aliyetoa wazo, kwa namna ya mtu anayeelekeza mgeni njia ya kwenda posta. Maji yanashuka, basi mwalimu aanzie daraja la chini apande. Hakuna hesabu itakayomdanganya huko. Ngatia alikubali, akaketi kibandani kwanza kupiga hesabu nyuma ya mfuko mtupu wa mchele. Mtu awezaye kumaliza kilomita tatu za maji yaliyosimama kwa dakika sabini na tano, akipanda mfereji huo kwa saa moja, atafika mbele kidogo ya nguzo ya kumi na tisa tangu alipoanzia. Hiyo ndiyo ikawa alama yake: kumi na tisa na kitu.

Siku ya kwanza alifika ya kumi na sita. Bata watatu wa mwenye kibanda, walioingia majini nyuma yake, walimpita karibu na nguzo ya nne, wakamtazama, wakaendelea na safari yao.

Siku ya pili alifika kumi na saba na nusu, akafurahi sana, mpaka Waithira alipopiga kelele kutoka ukingoni.

"Toka hapo kando, mwalimu wa jiografia! Rudi katikati."

Ngatia alikuwa amesahau, au labda hakuwa amesahau, kwamba maji ya kando huenda polepole kuliko ya katikati. Jambo hilo huwa analifundisha kidato cha tatu, muhula wa kwanza, kwa mchoro. Alipumzika, akaanza upya kutoka daraja la chini, safari hii katikati. Nguzo ya kumi na saba na nusu ikafutwa daftarini. Iliandikwa kumi na sita tena.

Kosa lake kubwa, hata hivyo, ni Mbeti aliyeliona, akiwa juu ya lango lake ambako aliona mfereji wote.

"Unainua kichwa," alimwambia. "Kila mara, kila mara. Unaangalia mbele kama bata anatafuta mwenyewe. Ukiinua kichwa, miguu inashuka. Miguu ikishuka, unasimama. Unaangalianga nini?"

"Naangalia kama naenda sawa."

"Kwa mfereji? Utaenda wapi kwingine?"

Kwa mara ya kwanza Ngatia alipatwa na ukame wa maelezo. Ni kweli. Tangu alipojifunza, kila baada ya mikono minne alikuwa akiinua kichwa kuhakikisha. Alipokuwa bwawani alihakikisha ukuta. Mferejini alihakikisha nguzo. Kama angefanya hesabu ya vichwa vyote alivyowahi kuinua, pengine zile mita mia mbili za mwaka jana zingepatikana humo.

Waithira alilitatua kwa njia yake. "Wewe hupumulia upande wa kulia," alisema. "Nitatembea kulia, karibu na maji. Ukigeuka kupumua na uone gambuti, uko sawa. Usipoona gambuti, ndio uinue kichwa."

"Na ukisimama usuke?"

"Nitasuka nikitembea. Wewe fuata viatu."

Ikawa hivyo. Kwa Jumamosi tano dunia ya Mwalimu Ngatia ilipungua ikawa vitu viwili: giza la kahawia anapotazama chini, na manjano anapogeuka. Kahawia, manjano. Kahawia, manjano. Kumi na saba. Kumi na saba na nusu, ya halali. Kumi na nane. Kumi na nane na nusu. Jumamosi ya mwisho kabla ya mashindano alifika nguzo ya kumi na tisa kamili, akaishika kwa mikono miwili, akahesabu akiwa bado anahema. Kumi na tisa kamili ni sawa na dakika sabini na sita lamboni.

"Umebakisha dakika moja," Mbeti alisema waliporudi kibandani.

"Sina Jumamosi nyingine."

"Basi uende nayo hivyo." Akamfungia mfuko wa mchele mpya, zawadi ya safari, akarudi kwenye gurudumu lake.

Nanyuki kulikuwa na baridi siku hiyo, na mlima ulikuwa wazi hadi kileleni. Lambo lilikuwa na maboya manne ya rangi ya machungwa, na waogeleaji walitakiwa kuzunguka mara nne. Waandaaji waliwavika wote kofia za rangi moja, nyekundu. Basi la kwaya lilifika na masufuria, wanakwaya wakapanga viti karibu na gati la mbao, mbali kidogo na maji. Waithira hakuketi. Alikuwa amekwisha kuona kwamba upande mmoja wa lambo maboya yalikaribia ukingo, na akaenda kusimama huko peke yake, na kiondo, na gambuti.

Mizunguko miwili ya kwanza Ngatia hakuinua kichwa hata mara moja. Upande wa ng'ambo hapakuwa na gambuti, nako alijilazimisha kuamini kwamba lambo halijahama. Alipofika upande wa ukingo, manjano ilikuwapo, ikitembea sambamba naye kwenye matope. Mzunguko wa tatu mabega yalianza kulalamika. Wa nne, alisikia injini.

Tu-tu-tu-tu.

Mashua ilikuwa nyuma yake, mwendo wa chini. Aliyeiendesha alikuwa Gikunda, mtu wa Meru mwenye sauti nene, mmoja wa wale wawili waliomvuta mwaka jana.

"Mwalimu," Gikunda alisema kwa upole, kama jirani aliye juu ya ua. "Habari ya mwaka mzima? Usinijibu, utakunywa maji. Mimi nakusindikiza tu. Umebakisha boya mbili na dakika sita. Kofia ya mwaka jana ulisahau kwa mashua, niko nayo nyumbani."

Ngatia alitamani sana kuinua kichwa. Alitaka kuona umbali, kuona mashua, kuona sura ya Gikunda kama inamhurumia. Shingo ilikwisha kuanza kupanda. Kisha akageuka kupumua, na pale ukingoni gambuti za manjano zilikuwa zinakimbia. Waithira, mwanamke wa miaka arobaini na saba, muuza mchele wa heshima, alikuwa akikimbia matopeni, na kiondo kikimpiga kiunoni.

Kama anakimbia yeye, Ngatia aliwaza, basi mimi ninakwenda kasi. Akashusha kichwa.

Hakujua alifikaje. Alijua tu kwamba mkono wake uligusa matope, kwamba alisimama, akaanguka, akasimama tena, na kwamba filimbi ilipulizwa alipokuwa amekwisha kupita meza ya mtunza saa, miguu yote miwili ikiwa chini. Dakika sabini na nne, sekunde thelathini na nane.

Kwaya ilikuwa inaimba, lakini ilikuwa inamwimbia mtu mwingine. Magdaline alikuwa amemfuata kwa simu tangu mwanzo, bila kukosa, mwogeleaji mmoja mwenye kofia nyekundu, mpaka alipotoka majini na kuvua kofia na kugundulika kuwa meneja mstaafu wa benki kutoka Timau. Walikwisha kumpa pilau. Kilomita tatu za Mwalimu Ngatia hazikuwa katika simu ya mtu yeyote.

"Pole, Mzigo," Magdaline alisema kwa masikitiko ya kweli. "Si ungepunga mkono?"

Ngatia alijifunga taulo, akaenda hadi kwa mtunza saa.

"Samahani," alisema. "Maji haya yanaelekea wapi?"

"Yanaelekea?"

"Kuna lango lililofunguliwa? Yanatokea upande upi?"

Waithira alifika akihema, matope hadi magotini. "Baba Nduta. Umezunguka mara nne. Umetoka hapa, umerudi hapa. Ni mto gani huo unakupeleka na unakurudisha?"

"Nauliza tu."

"Najua. Nakusikia."

Mtunza saa alimtazama mke, akamtazama mume, akarudi kwenye karatasi zake. Ngatia alitembea taratibu hadi ukingoni. Pembezoni mwa lambo ngano ilikuwa imevunwa, na mabua makavu yalikuwa yametapakaa. Aliokota moja, akalitupa mbali kadiri mabega yalivyomruhusu. Waithira alisimama kando yake, akatoa kiondo, akaanza kusuka. Nyuma yao Gikunda alizima injini ya mashua.

Bua lilielea. Ngatia aliitazama saa yake. Dakika moja ikapita, kisha nyingine.

"Limesimama," Waithira alisema.

"Tungoje kidogo."

"Limesimama, Baba Nduta. Kuja tule kabla yule mtu wa benki amalize."

Alingoja kidogo. Kisha akaja.